Webley ya kale na risasi za .45 ACP: kupiga, kutunza na kubeba

Swali: Ndugu fundi, salamu nyingi. Nimenunua bastola ya silinda aina ya Webley Mk VI yenye chapa ya mwaka 1917, na leseni ya ukusanyaji ninayo. Silinda yake imechongwa upande wa nyuma. Aliyeniuzia amenipa na klipu za nusu mwezi, yaani vibati vya chuma vinavyoshika risasi tatu tatu, akaniambia ameipiga miaka mingi kwa risasi za kawaida za .45 ACP, zile za bastola zinazojijaza zenyewe, na haijawahi kumsumbua. Naomba unijibu mambo matatu. Je, niendelee na risasi hizo? Weusi wa chuma umechujuka, niisugue na kuipaka upya? Na kwa kuwa inapiga vizuri, naweza kuibeba kiunoni kwa ajili ya kujilinda?

Jibu: Ndugu yangu, salamu zimefika. Kwanza kabisa, risasi za kawaida za .45 ACP usiziweke tena kwenye bastola hiyo, hata moja. Sababu nitakueleza kwa urefu, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Mk VI iliingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1915, ikitoka kiwanda cha Webley & Scott cha Birmingham. Ni bastola ya kukunjuka: unasukuma komeo la pembeni kwa kidole gumba, mtutu unainama pamoja na silinda, na nyota ya katikati inayanyanyua maganda yote sita kwa mkupuo. Ilitengenezwa kwa risasi ya .455, yenye kichwa kizito cha madini laini ya risasi, greni 265, yaani gramu 17 hivi, kinachokwenda kwa mwendo wa pole. Baada ya vita bastola hizi ziliuzwa kwa wingi Marekani, ambako .455 ilikuwa adimu na .45 ACP ilikuwa imejaa kila mahali. Wafanyabiashara wakachonga nyuma ya silinda ili ipate nafasi ya kukaa klipu, kwa kuwa ganda la .45 ACP halina ukingo wa kulishikilia. Ndiyo historia ya silinda yako.

Kuchonga kulitatua tatizo la nafasi tu. Tatizo la presha lilibaki vilevile. Kiwango cha juu cha .455 ni bar 900, sawa na pauni 13,000 hivi kwa inchi ya mraba. Kiwango cha juu cha .45 ACP kwa vipimo vya Marekani ni pauni 21,000. Hata ukiiongezea .455 ile asilimia 30 ambayo nyumba za majaribio za Ulaya huongeza zinapojaribu bastola, unafika 17,000 hivi. Kwa hiyo risasi ya kawaida ya dukani inaweza kuitesa bastola yako kila unapofyatua kuliko hata jaribio ambalo silaha hufanyiwa mara moja tu kabla ya kuuzwa.

Liko na jambo la kipenyo, na wengi hawalipimi. Katika Mk VI nyingi midomo ya chemba, yaani matundu ya silinda yanayokaa risasi, ni myembamba kuliko mtutu wenyewe. Jeshi halikujali, kwa sababu kichwa laini chenye shimo kitakoni kilibanwa mdomoni, kisha kikatanuka na kujaza michirizi ya mtutu. Kichwa cha .45 ACP chenye koti la shaba hakina ulaini huo. Kinabanwa penye mdomo na presha inapanda zaidi, kisha kinaingia mtutuni kikiwa kimelegea na shabaha inapotea. Ukiona matundu marefu badala ya duara kwenye karatasi ya shabaha, yaani risasi zimefika zikiwa ubavu, chanzo chake mara nyingi ni hicho.

Sasa maneno ya muuzaji, kwamba haijamsumbua. Inawezekana kabisa anasema kweli. Lakini chuma hakivunjiki siku ya kwanza. Ufa huanzia pale ukuta wa chemba ulipo mwembamba kuliko pote, chini ya vile vijishimo vya nje ambavyo kidole cha kufungia silinda huingia, nao hukua kidogo kidogo kila risasi inapopigwa. Miaka mingi ya kupiga bila tatizo haithibitishi usalama. Kwangu mimi ni sababu ya kuikagua kwa makini zaidi.

Ukaguzi anza nao mwenyewe. Hakikisha chemba zote sita ni tupu, na risasi zote ziko chumba kingine. Funga bastola, shika mtutu kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, ujaribu kuuinua na kuushusha mtutu. Komeo likicheza kiasi cha kuona mwanga ukifunguka na kufumba kwenye kiungo, kupiga basi. Kisha weka kidole kwenye silinda kuizuia kidogo, uvute nyundo polepole sana. Silinda inatakiwa iwe imejifunga kabla nyundo haijafika mwisho, na ufanye hivyo kwa kila chemba, kwa sababu meno ya nyota hayachakai sawasawa. Chemba moja ikichelewa, kichwa cha risasi kitaingia mtutuni kikiwa upande na kumwaga vipande vya risasi kwa aliye jirani yako uwanjani. Pima na nafasi kati ya silinda na mtutu: milimita 0.15 hadi 0.25 ni nzuri. Mwisho chungulia ndani ya mtutu kwa taa. Ukiona pete nyeusi inayozunguka, hapo mtutu umevimba, mara nyingi kwa sababu kichwa kimoja kilikwama na kingine kikafuata.

Ikipita yote hayo, mpelekee fundi mwenye dawa ya rangi inayopenya nyufa aipake silinda. Ni kazi ya muda mfupi, na hilo la mwisho si la kufanya kwa macho matupu.

Bastola ikitoka salama, kupiga kunawezekana, na ningependa uipige, kwani ni bastola tamu mkononi. Tumia risasi zilizojazwa na mtu anayeijua Webley, zenye kichwa laini kisicho na koti, kwa presha isiyozidi ile ya .455. Kwa silinda iliyochongwa, ganda linalofaa ni la .45 Auto Rim. Lina ukingo mnene unaojaza nafasi iliyochongwa, kwa hiyo klipu huzihitaji tena. Angalizo: hata za Auto Rim zinazouzwa dukani usiziamini kwa jina la ganda peke yake, uliza presha. Na ile .455 yenyewe usiirudishe kwenye silinda hii. Ukingo wake ni mwembamba, ganda litacheza nyuma na kiwashio, kile kifuniko kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, huenda kisipigwe sawasawa.

Kuhusu kuipaka upya, jibu langu ni hapana, na naomba unisikilize. Mashine ya kusugulia haichagui. Itaondoa kutu, na pamoja nayo itapunguza kingo za chapa ya MARK VI, mwaka, mshale wa serikali na alama za majaribio, na hizo ndizo zinazomwambia mkusanyaji bastola ilitoka wapi na ilipita kwa nani. Silinda iliyochongwa tayari imeipunguzia thamani, usiongeze la pili. Kutu jekundu liondoe kwa mafuta mepesi na sufi laini ya shaba nyeusi, taratibu, kisha paka nta kavu. Weusi uliochujuka uache. Usiihifadhi ndani ya holista (mfuko wa bastola) ya ngozi, hata iwe ile ya asili ya jeshi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na ina chumvi na asidi zinazokula chuma. Weka bastola kwenye kabati la chuma lenye kufuli, holista rafu nyingine, risasi chini ya ufunguo wa peke yake.

Kubeba sasa. Mapenzi ya silaha za kale ninayajua vizuri, na najua hamu ya kutaka bastola moja ifanye kazi zote. Lakini anayebeba silaha lazima aipige mara kwa mara, kwa risasi ileile atakayoitegemea, mpaka mikono imezoea. Webley hii haistahimili mazoezi ya namna hiyo. Ukiipumzisha ili idumu, wewe hutakuwa na mazoezi. Ukiizoesha, utaichosha. Risasi zake ni za kujaziwa kwa uangalifu na ni chache, springi zake zina zaidi ya miaka mia, na uzito ni kilo 1.1 bila risasi. Isitoshe, holista ya kila siku itamaliza weusi uliobaki mdomoni na pembeni mwa silinda. Na soma leseni yako tena: sehemu nyingi ruhusa ya kukusanya si ruhusa ya kubeba.

Kama kweli unahitaji silaha ya kujilinda, na jiulize hilo kwa utulivu kabla ya kuomba kibali, chukua bastola ya kisasa yenye kizuizi cha ndani kinachozuia nyundo isifikie kiwashio hata ikianguka, isiyo na historia yoyote ya kuhurumia. Holista yake iwe ngumu na ifunike kifyatuo chote. Fanya mazoezi ya kuchomoa bastola ikiwa tupu, mbele ya mkufunzi, hadi kidole chako kikae nje ya kifyatuo bila kukumbushwa.