Ctrl+F ikikwambia hakuna, usiamini haraka

Wadogo zangu mnaoanza field maofisini, hasa nyie mnaotupiwa mkataba wa kurasa mia na kitu afu mnaambiwa "hebu angalia wanasemaje kuhusu kuvunja mkataba", naomba mnisikilize kwenye hili maana linaniuma, naona vijana wazuri kabisa wanabonyeza Ctrl+F, ile ya kutafuta neno kwenye faili, wanakuta sifuri, wanamjibu bosi "hakuna kipengele hicho" na kipengele kipo, na kuna mtu anaenda kufanya uamuzi kwa jibu hilo.

Kompyuta haitafuti maana, inatafuta herufi zile zile ulizoiandikia. Na Kiswahili neno linabadilika mbele na nyuma, kwahiyo ukiandika "kuvunja" umeshakosa ukivunjwa, umevunjika na uvunjaji. Andika "vunj" tu, yote yanakuja, ila hakikisha haujaweka tiki pale kwenye "whole words". Hii ya kutafuta kipande cha katikati ndo kitu cha kwanza nawafundisha vijana, lakini lazima uchague kipande vizuri. Mfano malipo, ukiandika "lip" utazama, itakuletea alipofika, walipokubaliana, ilipo, yaani kila ukurasa. Hapo tafuta "malipo", afu "lipw", afu "kulipa", moja moja.

Sasa jiulize, aliyeandika alitumia neno lako kweli? Wengi kwenye mikataba hawaandiki kuvunja, wanaandika kusitisha, kukatisha, kuachisha kazi. Kwahiyo "sitish", "katish", "achish" zote zipite. Namba nazo hivo hivo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa aliyeajiriwa kwa mwezi akishapita mwezi wa kwanza kazini, lakini mkataba unaweza kuandika 28 au "ishirini na nane" kwa maneno, tafuta zote mbili.

Afu kuna hizi PDF za kuskani, ndo zinaua watu. Mkataba umesainiwa, umegongwa muhuri, umepitishwa kwenye skana, machoni ni maandishi ila kwa kompyuta ni picha tu. Kabla hujatafuta chochote chukua mausi ujaribu kushika neno moja, likikataa kubadilika rangi ujue hapo Ctrl+F haina kazi. Na jaribu kurasa kadhaa, faili moja linaweza kuwa na kurasa za kawaida halafu katikati viambatanisho vya kuskani. Ukiipandisha Google Drive afu ukaifungua kwa Google Docs inajaribu kuyatoa maandishi kwenye picha, Tesseract nayo ni programu ya kazi hiyo hiyo, ni ya bure na ina Kiswahili. Ila zinakosea herufi, muhuri ukipita juu ya neno ndo kabisa, kwahiyo tumia vipande vifupi, na zile za siri za ofisi usizipandishe mtandaoni bila ruhusa.

Faili zikiwa nyingi usifungue moja moja jamani. Adobe Reader ukibonyeza Ctrl+Shift+F unaichagulia folda nzima ya PDF.

Excel kwa haraka: yenyewe inatafuta kwenye shiti uliyopo tu, fungua "Options" ubadilishe iwe "Workbook". Na pesa andika 1500000 bila koma, maana koma unayoiona kwenye seli mara nyingi ni pambo tu.

Ukimaliza, usiandike "hakuna" peke yake. Andika hivi: nimetafuta vunj, sitish, katish na achish kwenye mkataba na viambatanisho vyote viwili, kurasa za 14 hadi 19 ni picha nimezisoma kwa macho, sijakuta. Mwanasheria akisoma hiyo anajua hapo hapo kama kuna neno umeliruka, anakwambia ujaribu "ukomo" na unarudi kwenye faili dakika mbili.