Msaidizi mwaka wa sita: nisomeshwe au nijisomeshe?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, niko kiwandani hapa Changamwe, upande wa stima. Niliingia kama kibarua, nikawa msaidizi wa fundi, na msaidizi nimebaki mwaka wa sita huu. Mota ikiungua naitwa mimi, hata usiku. Lakini cheti sina, na mshahara ni wa msaidizi. Nilipomwomba meneja anilipie kozi alinijibu, "Nikusomeshe ukimbie?" Wenzangu wanasema nijilipie. Hivi hili ni jukumu la nani?
Msaidizi, Changamwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni lenu nyote wawili, wewe na yeye.

Nianze na meneja, maana kiti chake nimekikalia. Nilikuwa afisa wa wafanyakazi katika yadi moja hapa Mombasa. Kijana wa kuchomea vyuma aliniletea ombi la kulipiwa mtihani wa ufundi. Karatasi imekunjwa mara nne, pembeni ina alama ya dole gumba lenye grisi. Nikaandika juu yake "Tutaangalia", nikaitia kwenye faili, basi. Mwaka uliofuata alihamia kwa jirani zetu, nasi tukamtafuta fundi wa nje ambaye mshahara wake wa mwezi mmoja ulizidi ada yote ya mtihani ule. Karatasi ile inaniuma hadi leo. Kijana yule hakukimbia kwa kusomeshwa.

Sasa sikiliza jambo ambalo pengine hujaambiwa. Mwajiri hapa Kenya hutozwa shilingi 50 za kila mwezi kwa kila mfanyakazi, ziende NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Ni mchango wake yeye, si makato ya mshahara wako. Akiwasomesha watu wake kwa kozi iliyoidhinishwa na NITA, anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama. Nimewajua mameneja waliolipa miaka na miaka wasidai hata senti. Kwa hiyo ukirudi ofisini usiende kuomba msaada. Peleka barua, uulize kama kampuni inaweza kukusomesha kupitia mchango huo, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Na hofu yake ya kukimbiwa usiidharau. Mwambie uko tayari kuweka sahihi ya kubaki mwaka mmoja baada ya kozi. Ila usome kabla ya kutia sahihi: deni la kozi, lile utakalodaiwa ukiondoka mapema, lipungue kila mwezi unaofanya kazi. Likiandikwa kwamba utalipa lote hata ukibakisha wiki mbili, kataa, mwanangu.

Upande wako ni huu. Mitihani ya ufundi ya NITA ina gredi tatu, na unaanzia Gredi ya Tatu. Mtu aliyejifunzia kazini anaruhusiwa kuifanya, na kituo chao kipo hapahapa Mombasa. Nenda kaulize ada na tarehe, uanze kuweka akiba hata kabla barua haijajibiwa. Halafu nunua daftari. Kila mota unayoifungua andika tarehe, ilikuwa na shida gani, ulifanya nini, kisha fundi wako mkuu atie sahihi. Miaka sita ya mikono yako haijaandikwa popote, na hilo hakuna meneja atakayekufanyia. Anza na ile ya mwisho waliyokuitia usiku.