Jiwe la Pete ya Kila Siku Lichaguliwe kwa Kazi ya Mkono

Ndugu Mhariri,

Katika Swali la Wiki mmeuliza: "Mtu anayetaka pete ya kuvaa kila siku, bila kuivua jikoni wala kazini, achague jiwe gani?" Mimi ni sonara hapa Mwanza, na kazi yangu kubwa ni kukarabati pete zilizokwisha kuvaliwa kuliko kutengeneza mpya, kwa hiyo jibu langu linatokana na hali ninayoyakuta nayo mawe yanaporudi mezani. Ningemshauri achukue yakuti, ile ambayo wachimbaji huiita rubi ikiwa nyekundu na safaya ikiwa ya buluu au ya rangi nyingine. Bei ya yakuti ikimshinda, atafute spineli, kito kingine kigumu chenye rangi mbalimbali. Hata hivyo, sababu zina manufaa kuliko majina, kwa kuwa muuzaji atamtandazia mawe mengi ambayo mimi sitayataja hapa.

Jambo la kwanza ni ugumu, yaani uwezo wa jiwe kukataa kukwaruzwa. Mwaka 1812 mtaalamu wa madini Friedrich Mohs aliyapanga madini 10 kwa kuangalia lipi linalikwaruza lipi, akaanza na lile laini linalokwanguka kwa ukucha na kumalizia na almasi, ambayo ni namba 10. Yakuti ni 9, spineli na topazi ni 8, zumaridi iko kati ya 7.5 na 8. Namba hizo zinaonyesha mpangilio tu, wala hazionyeshi umbali, kwani pengo la ugumu lililopo kati ya yakuti na almasi ni kubwa kuliko pengo lililopo kati ya yakuti na madini yote yaliyo chini yake.

Kwa msomaji wa Mwanza, namba ya kukumbuka ni 7. Hiyo ndiyo namba ya kwatsi, madini meupe au yasiyo na rangi ambayo hung'aa ndani ya mawe ya graniti yaliyojaa katika jiji letu, kuanzia vilima vya Bugando hadi lile Jiwe la Bismarck linalosimama majini. Graniti hiyo ikiliwa na jua na mvua kwa miaka mingi huvunjika ikawa mchanga, na chembe nyingi za mchanga wetu ni kwatsi. Mchanga huo ndio tunaosugulia masufuria ufukweni, ndio unaong'ang'ania kwenye dagaa waliotandazwa kukauka, na ukisagika zaidi ndio unaopeperushwa na upepo hadi juu ya meza na makabati ya watu ambao hawajakanyaga mwaloni mwaka mzima. Kwa hiyo jiwe lolote lenye ugumu chini ya 7 litakwaruzwa na kazi za kawaida kabisa, hata ile ya kufuta vumbi, na lenye ugumu wa 7 kamili, kama amethisti, nalo litapoteza mng'ao taratibu.

Hapo ndipo linapokuja suala la tanzanaiti, na naomba wasomaji wanielewe vizuri, kwa sababu naipenda. Inachimbwa Mirerani tu, ilianza kujulikana mwaka 1967, na ni fahari ya nchi nzima. Lakini ugumu wake ni kati ya 6 na 7, na isitoshe ina mwelekeo mmoja ambao hupasuka kirahisi ikigongwa au ikipata joto la ghafla. Mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa aliniletea pete ya tanzanaiti aliyovishwa siku ya ndoa, akiniuliza kama mumewe alikuwa ameuziwa bandia, maana jiwe lilikuwa limefifia. Nilipolitazama kwa lenzi inayokuza mara 10, niliona rangi yake ya buluu yenye zambarau iko vilevile. Kilichoharibika ni mistari ambapo uso mmoja uliokatwa hukutana na mwingine. Kwa jiwe jipya mistari hiyo huwa myembamba na mikali. Kwa jiwe lake ilikuwa imelika ikawa mipana na myeupe, na uso wa juu ulijaa mikwaruzo iliyokwenda kila upande, kama miwani iliyofutwa kwa kanga yenye vumbi. Jiwe lilikuwa halisi na mumewe hakudanganywa kuhusu aina yake. Kosa ni la muuzaji ambaye hakumweleza kwamba kito kile kinafaa hereni au kidani, mahali ambapo hakisuguani na kitu.

Jambo la pili ni ustahimilivu, yaani uwezo wa jiwe kupokea pigo bila kuvunjika, na hapa wengi hushangaa kusikia kwamba almasi si kamilifu. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuko jirani na Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, hivyo wateja wangu wengi huamini kwamba almasi haivunjiki kwa kitu chochote. Ni kweli kwamba ni almasi nyingine tu inayoweza kuikwaruza. Lakini muundo wake una mielekeo minne ya kupasuka, nao wakataji wa zamani waliitumia kuigawa almasi kwa pigo moja la patasi. Ikigonga ukingo wa sinki la zege kwa pembe mbaya, inaweza kumeguka. Tena almasi huvuta mafuta. Migodini walizoea kuikamata kwa meza zilizopakwa grisi, ambapo kokoto nyingine zilisombwa na maji, almasi ikabaki imenata. Mtu anayekaanga samaki kila siku ataiona almasi yake ikipoa mng'ao mapema, na hatakuwa na budi kuisugua mara kwa mara kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini. Mwenye uwezo wa kuinunua na subira ya kuisafisha sitamzuia.

Topazi ni ngumu lakini nayo hupasuka kwa mwelekeo mmoja. Zumaridi karibu zote zina nyufa za asili, na nyingi hujazwa mafuta ili nyufa hizo zisionekane, hivyo kuosha vyombo kwa maji ya moto na sabuni huyatoa mafuta na kuzifichua. Lulu na feruzi zisifikiriwe kabisa kwa pete ya kazi.

Yakuti haina mwelekeo rahisi wa kupasuka kama huo, na spineli pia haina, na hiyo ndiyo sababu kuu ya mimi kuzitanguliza. Anayetaka kito cha nyumbani hatakosa: kuna yakuti za rangi nyingi kutoka bonde la Umba mkoani Tanga na kutoka Tunduru, kuna rubi za Winza mkoani Dodoma, na spineli za Mahenge mkoani Morogoro, zenye wekundu unaokaribia waridi, zinatafutwa na wanunuzi wa dunia nzima. Spineli nzuri ya Mahenge si rahisi, lakini spineli za kijivu au za zambarau iliyofifia huuzwa kwa bei ya chini zaidi na uimara wake ni uleule.

Kuna tahadhari moja kuhusu rubi ambayo natamani kila mnunuzi aijue. Kupasha yakuti joto ili kuboresha rangi ni jambo la kawaida na halipunguzi uimara wake. Lakini zipo rubi za bei rahisi zilizojaa nyufa, ambazo nyufa zake zimejazwa kioo chenye risasi. Kioo hicho huliwa na asidi, hata ile ya limao. Mtu anayekamulia sato limao akiwa amevaa pete ya namna hiyo ataanza kuona mistari myeupe ikitokea juu ya jiwe, na hakuna sonara atakayeifuta. Kwa lenzi, kioo hicho hujidhihirisha kwa viputo vya hewa vilivyonaswa ndani na kwa mmweko wa buluu jiwe linapogeuzwa kwenye mwanga. Kwa jiwe la thamani kubwa, busara ni kulipeleka likapimwe kabla ya kulipa, na Arusha kipo Kituo cha Jemolojia Tanzania.

Asiye na fedha nyingi anaweza kuchukua yakuti iliyotengenezwa maabara. Njia ya kuitengeneza kwa moto ilitangazwa na Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902, na ugumu wake ni uleule wa 9. Sharti ni muuzaji aseme wazi kwamba ni ya maabara na bei ilingane na ukweli huo. Kioo cha rangi, chenye ugumu kati ya 5 na 6, hakifai hata kwa bei ya bure.

Jiwe zuri litapotea likishikizwa vibaya kwenye pete. Kwa pete ya kila siku napendelea jiwe lilale chini na lizungushiwe ukingo wa dhahabu pande zote, badala ya kuinuliwa juu ya vimeno vinne, yaani vikucha vya kulishikilia, vinavyonasa kwenye nyavu, sweta na nywele za watoto. Anayesisitiza vimeno aombe sita, na aombe dhahabu ya karati 18, ambayo ni asilimia 75 dhahabu na iliyobaki ni metali za kuiimarisha, kwa kuwa ile ya karati 22 ni laini na vimeno vyake hupinda. Dawa za kung'arisha nguo zenye klorini zisiguse pete, maana klorini huidhoofisha dhahabu iliyochanganywa. Na siku pete itakapopelekwa kupanuliwa, mwenye pete amuulize fundi kama ataliondoa jiwe kabla ya kuchomelea. Tanzanaiti inaweza kupasuka kwa moto huo, na hata yakuti, isiyoogopa joto, huliwa uso ikiguswa na boraksi tunayotumia kulainisha njia ya kuchomelea.

Kwa wale ambao tayari wana tanzanaiti kwenye pete na hawataki kuachana nayo, mkata vito anaweza kuzing'arisha nyuso zake upya, kisha jiwe likahamishiwa kwenye kidani. Mwenye jiwe aulize kwanza litapungua uzito kiasi gani na kazi hiyo ni shilingi ngapi, kwa sababu kwa jiwe dogo gharama ya kulikata upya inaweza kupita bei ya kununua jingine.