Daftari la kliniki, jina lako, na makala zinazotumika

Wiki iliyopita daktari kijana aliyeko Iringa aliniandikia: "Shikamoo dada Dokta. Hongera, nimeona wenzetu wa Malawi wameinukuu kazi yako ya saratani ya mlango wa kizazi. Mimi nina makala mbili tu, na kila ninapoomba nafasi ya kusomea uzamivu wanauliza nimechapisha ngapi. Nifanyeje zifike kumi haraka?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilikujibu kwa kifupi kwa sababu nilikuwa kliniki, lakini swali lako linastahili zaidi ya hapo. Na najua wengi mnaosoma hapa mnataka anachokitaka yeye: jina lijulikane, milango ifunguke, na saratani inayowaua mama zetu ipungue. Nami nayataka yote hayo, wala siyaonei haya.

Nianze na hiyo kazi yenyewe, maana nimeifurahia na sioni sababu ya kuficha furaha. Haikutoka maabara. Ilitoka kwenye rejista ya uchunguzi, ile kubwa yenye jalada gumu inayokaa mezani pembeni ya chupa ya siki na kopo la pamba. Mama anaingia, mlango wa kizazi unapakwa siki, weupe ukijitokeza anaandikwa "chanya". Akionekana na kidonda cha kutiliwa shaka anakatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara na kuambiwa arudi kufuata majibu. Safu ya mwisho ni ya namba ya simu. Ukiishuka safu hiyo kwa kidole, mstari hadi mstari, utaona mambo. Namba moja imepungua tarakimu. Nyingine ni ya shemeji. Nyingine imeandikwa "jirani, Mwanjelwa", basi. Majibu yanapotoka, mwenyewe ameshapanda gari kurudi Ileje au Makete kwa sababu viazi havingoji, na anayepokea simu hata hujui kama ana haki ya kuambiwa. Anaporudi, ugonjwa umeshapanda hatua, na wakati ule mionzi ilikuwa na maana ya safari ya Dar es Salaam hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, nauli ya mgonjwa na ya mtu wa kumshika mkono.

Nilichofanya ni kuhesabu. Nani alipotea, alipotelea wapi njiani, na simu iliyoandikwa ilikuwa ya nani. Jarida lililoichapisha ni dogo. Kipindi cha kujibu wahakiki nakiruka, kilikuwa kirefu na hakina cha kusimulia. Wenzetu wa Malawi wameisoma, wakaanza kuchukua namba mbili kwa kila mama na kumuuliza kwanza ni nani mwingine anaruhusiwa kupewa majibu yake. Hicho ndicho ninachokiita kunukuliwa.

Sasa upande unaouma. Kabla ya makala hiyo kulikuwa na nyingine, ambayo hutaniona ndani yake. Walikuja wageni na mradi. Walitaka takwimu za miaka kadhaa za mlango wa kizazi, na rejista zilikuwa mikononi mwangu. Mimi na muuguzi mmoja tulikaa jioni baada ya kliniki, tukasoma miandiko ya watu wengine, tukatafuta mafaili yaliyopotea, tukapiga simu hadi vijijini kuthibitisha umri na tarehe. Wakati tunaweka mambo sawa niliwaambia kwamba wanawake wengi waliokuwa kwenye orodha walitoka CTC, kliniki ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, na kwamba wasipotenganisha wenye VVU na wasio na VVU hesabu itawadanganya. Walitenganisha. Makala ikatoka kwenye jarida kubwa, na ule utengano ndio uliokuwa kiini chake. Sisi tulishukuriwa mwishoni kama "wahudumu wa kliniki", bila jina hata moja.

Nilipouliza, nikaambiwa kukusanya takwimu peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Niliambiwa kwa upole, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto. Mdogo wangu, soma mwenyewe kanuni za kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Wanaweka masharti manne. La kwanza ni mchango mkubwa katika kubuni kazi, au kupata takwimu, au kuzichambua na kuzitafsiri. La pili ni kuandika au kuikosoa rasimu kwa kina. La tatu ni kuridhia toleo la mwisho, na la nne ni kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kisha kanuni zinaongeza jambo ambalo watu hulipita haraka: kila aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kuyatimiza hayo mengine. Mimi sikupewa rasimu. Unaninyima rasimu, halafu unasema sikuandika. Imenichukua muda mrefu kuacha kukasirika, na nikisema nimeacha kabisa nitakuwa nadanganya.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa: kabla hujafungua rejista kwa mtu yeyote, kubalianeni kwa maandishi nani ni mwandishi, kwa mpangilio upi, na nani atapokea rasimu. Barua pepe moja inatosha. Jina la kwanza ni la aliyeibeba kazi, la mwisho kwa desturi ya tiba ni la aliyeisimamia. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari ndiyo mali yenyewe. Andika kabla. Sio wakati makala inakaribia kutoka, kabla.

Tuje kwenye idadi unayoililia. Kipimo wanachokiangalia mara nyingi kinaitwa h-indeksi, kilichopendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, h yako ni 10. Ni hesabu safi, lakini tazama inachoficha: mwenye makala nne tu hawezi kuvuka 4, hata kama kila moja imenukuliwa mara elfu. Umaarufu wa jarida nao huficha mengi, na mwaka 2013 lilitoka Azimio la San Francisco, linalotaka mtafiti asipimwe kwa umaarufu wa jarida alilochapisha bali kwa kazi yenyewe. Kamati nyingi bado zinahesabu, nakubali. Ila usiruhusu hesabu yao ikuchagulie swali la utafiti.

Mtu ninayependa kuwasimulia vijana ni Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya watoto 38 wenye uvimbe wa saratani wa taya. Makala ile haikuwashtua wengi mwanzoni. Burkitt hakukimbilia kuikatakata itoke mara tano. Aliwatumia madaktari wa hospitali mbalimbali za Afrika picha na kuwauliza kama wanauona uvimbe ule, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari na kusafiri maili 10,000 wakiuliza hospitali kwa hospitali, wakateremka kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini. Walipoweka majibu kwenye ramani, ugonjwa ukaonekana kuishia penye miinuko na baridi. Jambo hilo lituguse sisi wa nyanda za juu: ukitoka Kyela, kwenye joto na mbu, ukapanda Tukuyu hadi Mbeya mjini, unapita juu ya ule mpaka alioutafuta kwa gari. Leo tunajua malaria ina mkono wake katika uvimbe huo.

Mwaka huohuo wa 1961 alitoa mhadhara London. Aliyekuwa amekaa anasikiliza ni Anthony Epstein, aliyeondoka hapo na wazo la kutafuta kirusi ndani ya uvimbe ule. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wamekiona. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Fikiria: mtu aliyewahesabu watoto wa wodini kwake kwa makini, akauliza maswali ya kawaida, "wanatoka wapi, na wapi hawatoki?" Nakuuliza wewe wa Iringa, rejista yako inasema wanatoka wapi?

Na swali tunalo, wala si dogo. Makadirio ya IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, yanaonyesha wanawake zaidi ya 10,000 wanapata saratani ya mlango wa kizazi nchini kila mwaka. Mwanamke mwenye VVU yuko katika hatari mara sita zaidi ya asiye na VVU. Sasa weka hilo juu ya ramani yetu: katika utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalikuwa asilimia 4.4 kwa nchi nzima, na Njombe 12.7, Iringa na Mbeya zikifuata. Hakuna profesa wa mbali anayeliona hili kwa macho kama unavyoliona wewe Jumatatu asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni.

Kuhusu haraka: utaletewa barua pepe zinazokuita profesa mashuhuri na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukilipa. Zifute. Angalia kama jarida liko kwenye MEDLINE, hazina ya makala za tiba, au kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, muulize aliyekutangulia, na ada ikiwa kubwa mwandikie mhariri kuomba msamaha wa ada kabla hujatuma kazi. Makala mbaya iliyochapishwa haraka haifutiki kwenye jina lako. Jisajili ORCID, mfumo wa kumtambulisha mtafiti kwa namba, ni bure, upate namba yako ya tarakimu 16 ili kazi zako zisichanganywe na za mwenye jina kama lako. Na tena, narudia: nani mwandishi, kwa maandishi, kabla.

Wapo watakaosema natoa mawaidha. Sawa, natoa. Tumeacha muda mrefu wagonjwa wetu wawe takwimu za watu wengine, na sisi wenyewe tumechangia kwa kunyamaza na kwa kuona aibu kudai. Muuguzi anayejaza rejista vizuri anafanya sayansi, na anastahili kuambiwa hivyo na kuandikwa jina. Mkuu wa idara anayejiweka kwenye kila makala ya vijana bila kuisoma anawaibia, hata kama wanamwamkia kila asubuhi. Tusitendeane sisi kwa sisi yale tuliyotendewa na wageni.

Ukitaka swali la kuanzia, hili hapa. Tanzania ilianza kuwachanja kitaifa wasichana wa miaka 14 dhidi ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, Aprili 2018. Wale wa mwanzo watafikisha miaka 25 mwaka 2029, umri ambao Shirika la Afya Duniani linataka wenye VVU waanze kupimwa, na miaka 30 mwaka 2034, umri wa wengine wote. Watapita kwenye meza zetu. Rejista ninayotumia mimi haina safu ya chanjo, nimeichora kwa rula na kalamu pembeni ya safu ya simu: alichanjwa, mwaka gani, dozi ngapi, kadi imeonekana au kasema tu. Chora na wewe ya kwako, kisha nitumie picha ya ukurasa mtupu, bila majina ya wagonjwa, tulinganishe safu zifanane kabla hatujaanza kujaza.