Simu ni ya Bwana Shamba, Laini ni ya Ushirika

Ukianza kazi ya usimamizi kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa Mbozi, kampuni ya parachichi Rungwe au kwa wakala wa pembejeo pale Uyole, utakuta mabwana na mabibi shamba wanafanya kazi kwa simu zao wenyewe. Utaratibu huo unafaa, usihangaike kuufuta. Anza na jambo moja: namba.

Mkulima haijui ofisi, anaijua namba. Ndiyo anayoipigia kuuliza bei, na ndiyo iliyofungua kundi la WhatsApp la kijiji. Bwana shamba akihamia kwa mnunuzi mwingine katikati ya msimu, anaondoka na namba, kundi na mazungumzo yote, na huwezi kumdai kitu kwa sababu laini imesajiliwa kwa alama zake za vidole. Kwa hiyo laini za kazi zisajiliwe kwa jina la taasisi. Ulizeni mapema dukani kwa mtandao wenu nyaraka wanazotaka, ili msirudishwe njiani.

Simu nyingi zinabeba laini mbili. Ya ofisi ikae sehemu ya pili, na ifunguliwe WhatsApp Business, ambayo hukaa kwenye simu moja na WhatsApp ya kawaida bila kugongana. Siku hiyohiyo washa uthibitisho wa hatua mbili: PIN ya tarakimu 6, pamoja na barua pepe ya ofisi. Barua pepe ndiyo watu huiruka. Mtumishi akiondoka bila kutaja PIN, na hakuna barua pepe ya kuibadilishia, mnaweza kukaa siku 7 mkisubiri, na kama ni wiki ya mavuno hamna cha kuwajibu wakulima. Katika kila kundi la kijiji pawe na msimamizi wa pili kutoka ofisini.

Fedha za ofisi zisipite kwenye laini ya mtu, hata kwa siku moja. Hapo sina maelezo marefu.

Sasa simu yenyewe. Usikubali yoyote tu. Kiwango cha chini kinachofanya kazi vizuri ni Android 10, RAM ya GB 3, nafasi tupu ya GB 5, na skrini inayofungwa kwa PIN. Android 10 ina sababu: simu zilizotoka kiwandani na toleo hilo au jipya zaidi huhifadhi data kwa usimbaji, yaani kwa msimbo usiosomeka bila kufungua simu, hivyo mwizi asiyejua PIN hapati picha za vitambulisho vya wakulima. Kama ofisi inalipia huduma ya kusimamia vifaa, tumia wasifu wa kazi: programu za kazi hutengwa na kuwekewa alama ya mkoba, nawe unaweza kufuta upande huo tu bila kugusa picha za familia yake. Simu ndogo za Android Go mara nyingi hazina sehemu hiyo, basi hakikisha kabla ya kuahidi.

Mahali data inapovuja zaidi ni WhatsApp, kwa sababu kila picha inayopokelewa huingia kwenye picha za simu, kisha hupanda kwenye akaunti binafsi ya mtumishi. Zima uhifadhi huo kwenye mipangilio ya soga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaihusu taasisi inayokusanya taarifa hata kama zimekaa kwenye simu ya mtu. Kwa upande wa pili, wewe msimamizi huna ruhusa ya kupekua picha wala jumbe zake, na hilo liandikwe kwenye makubaliano kabla hajaanza kazi.

Kuhusu bando, fanya hesabu badala ya kukisia. Picha moja ya kamera ina MB 3 hadi 4. Wakulima 40 kwa siku, picha moja kila mmoja, ni MB 120 au zaidi, na kule milimani Makete hazipandi. Kwenye KoboCollect, programu ya kujazia fomu kwa simu, punguza ukubwa wa picha hadi pikseli 1024: picha hushuka hadi takriban KB 300, na siku nzima inakula kama MB 12. Fomu zijazwe bila mtandao, zitumwe jioni.

GPS haihitaji bando. Kosa la wageni ni kuchukua alama ya shamba chini ya bati au chini ya mparachichi mkubwa, usomaji wa usahihi (umbali ambao alama inaweza kukosea) ukiwa mita 30. Ekari moja ya mraba ina upande wa kama mita 64, kwa hiyo alama hiyo inaweza kuangukia kwa jirani. Simama peupe hadi usomaji ushuke kufikia mita 5. Wanunuzi wa kahawa wa Ulaya wanataka kujua shamba ilikotoka, na alama mbovu hukataliwa.

Juni na Julai, Kitulo na Njombe, betri huzimika ghafla ikionyesha bado ina chaji, maana baridi huipunguzia nguvu. Simu ikae mfuko wa ndani, na isichajiwe kwa pawabanki hadi ipate joto. Tukuyu tatizo ni mvua: mfuko wa plastiki wa kufunga, kila siku.

Kioo kikipasuka shambani, nani analipa? Amueni leo, kwa kiasi maalumu cha kila mwezi. Kabla ya kupeleka simu kwa fundi Mwanjelwa, mtumishi atume fomu zilizobaki, atoe laini ya kazi na aondoe akaunti ya ofisi. Fundi akiomba PIN, iwe simu isiyo na jina la mkulima hata mmoja.

Simu ikipotea, fuata mpangilio huu: piga huduma kwa wateja laini ifungwe, ondoa akaunti ya ofisi kwenye kifaa hicho ukitumia simu nyingine, badilisha nywila, kisha chukueni ripoti ya polisi. IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, mtaihitaji hapo, na hupatikana kwa *#06#. Iandikeni kwenye daftari la ofisi siku simu inapoanza kazi, maana simu ikishaibiwa hakuna pa kubonyeza.