"Chronic": muda mrefu, ukali, au kutopona?

Swali: Mimi hufasiri maandiko ya afya, na kila nikutanapo na neno la Kiingereza "chronic" huandika "sugu". Mwenzangu hunisahihisha kwamba maana yake ni ugonjwa mkali usiopona. Nani yuko sahihi?

Jibu: Wewe umeukaribia ukweli kuliko mwenzako, ingawa hata "sugu" haifai kila mahali. Chimbuko la neno hilo ni "khronos" la Kigiriki, yaani wakati, ambalo ndilo lililozaa pia "kronolojia". Kinachopimwa hapo ni muda ambao hali imedumu au imekuwa ikijirudia, na ukali wake ni suala jingine kabisa. Kikohozi cha mtu mzima huitwa hivyo kikishapita wiki 8, hata kikiwa chepesi kisichomzuia mtu kufanya kazi zake. Maumivu huitwa hivyo yakizidi miezi 3. Na homa ya ini ya aina ya B huitwa hivyo virusi vyake vikiendelea kuonekana mwilini baada ya miezi 6. Kutopona nako hakumo katika maana hiyo. Ni kweli kwamba kisukari, kinachotajwa sana pamoja na neno hili, aghalabu humfuata mtu maisha yake yote, lakini homa ya ini ya aina ya C, hata iliyokaa mwilini kwa miaka mingi, siku hizi huponywa kwa dawa kwa wagonjwa walio wengi.

Huenda mwenzako amelisikia neno hilo katika mazungumzo ya Waingereza, ambao hulitumia pia kwa maana ya kitu kibaya mno. Maana hiyo ya mitaani haina nafasi katika maandishi ya afya.

Sasa tulitazame "sugu", maana hapa ndipo mfasiri anapoweza kuteleza. Sugu ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa mara kwa mara, kama ya kiganja cha mshika jembe, na kutokana na picha hiyo tukapata mhalifu sugu na mdaiwa sugu, watu walioshindikana. Neno letu, basi, limebeba mambo mawili, kukaa sana na kutosikia dawa, ilhali la Kiingereza limebeba la kwanza tu. Ukiandika "kifua kikuu sugu" kwa kukusudia kilichodumu muda mrefu, msomaji ataelewa kile ambacho vimelea vyake havifi kwa dawa za kawaida, na huo ni upotoshaji wa hatari katika maandiko ya tiba.

Kwa jina la jumla la "magonjwa sugu" sina pingamizi, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka. Penye habari za vimelea na dawa, andika "-a muda mrefu", na uiepuke "-a kudumu", kwa sababu inadokeza kwamba hali hiyo haitaondoka kamwe. Kwa kidonda tunalo tayari neno zuri la wazee, "donda ndugu".

Nje ya tiba, uhaba wa namna hiyo ni "uhaba wa muda mrefu", lakini kwa tabia ya mtu "sugu" inakaa vizuri mno: mwongo sugu, au, ukitaka Kiswahili kilichokolea zaidi, mtu aliyekubuhu kwa uongo.