Chokaa yangu inapeperuka: nitaifanyaje iwe punje?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Niko Tanga, nasaga mawe ya chokaa na kuwauzia wakulima wa Mbeya na Njombe ambao udongo wao una tindikali. Wanalalamika kwamba unga unapeperuka na kuwaingia machoni. Nimejaribu kuufanya punje kama za mbolea ya DAP kwa mashine ya kuchanganyia zege, nikapata mabonge kama mayai, ukiyapasua ndani ni unga mkavu. Jirani ananishauri nitie saruji kidogo ili zishike. Nafikiria pia kuchanganya na DAP humo humo niuze kitu kamili. Unasemaje?

JIBU: Marahaba. Naanza na saruji, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuharibia biashara. Saruji usiitie hata kidogo. Chokaa ya kilimo hufanya kazi kwa kuwa imesagwa laini. Kila chembe inaugusa udongo na kupunguza tindikali. Ukiifunga kwa saruji unakuwa umemuuzia mkulima kokoto. Atazilima msimu huu, na msimu ujao atazikuta zilivyo. Punje unayoitaka ni ya muda tu: ivumilie gunia, lori na mkono wa mkulima, kisha mvua ikinyesha ivunjike irudi unga.

Kwa hiyo gundi yako iwe inayoyeyuka kwenye maji. Molasi ya viwanda vya sukari inafaa sana. Anza na kilo 3 kwa kila kilo 100 za unga, iliyozimuliwa kwa maji kiasi kwamba inapita kwenye bomba la kupulizia dawa bila kuziba. Punje zikikauka, tumbukiza chache kwenye glasi ya maji. Zikilegea na kuwa tope ndani ya dakika chache, umepatia. Zikikaa ngumu, punguza molasi.

Sasa hayo mabonge. Nadhani ulimwaga maji kwa jagi au ndoo. Ni kama unga unaotiwa kwenye uji wa moto kwa mkupuo: bonge linalowa nje, ndani linabaki kavu. Punje hushikana kwa sababu ya utando mwembamba wa maji kati ya chembe na chembe. Maji yakipungua hakuna kinachoshika. Yakizidi, punje zinagandana zenyewe kwa zenyewe. Nafasi kati ya hali hizo mbili ni finyu mno. Kwa unga laini wa mawe mara nyingi huangukia kati ya lita 10 na 15 kwa kilo 100 (hesabu humo na maji uliyozimulia molasi), na kwenye ukingo wa kiwango hicho lita moja tu inaweza kuharibu kazi nzima. Ndiyo maana nasisitiza kupulizia matone madogo, tena kidogo kidogo. Chota konzi, ibane. Ikishika umbo, ukiivunja ikatike vipande viwili safi, na kiganja kisilowe, uko karibu kabisa.

Mashine ya zege itumie kuchanganya tu. Mabapa yake ya ndani hunyanyua na kuangusha, na punje inataka kubingirishwa. Mpe fundi wa kuchomelea kazi ya sinia la chuma la kipenyo cha mita 1, ukingo wa sentimita 20 hivi, likae limeinama nyuzi 45 hadi 50, lizungushwe na mota yenye giaboksi mizunguko 20 hadi 25 kwa dakika. Ukishawahi kumtazama mtu akipepeta kwa ungo utalielewa mara moja: zilizokua hupanda juu na kumwagika ukingoni, ndogo hubaki chini zikiendelea kukua. Zikitoka kubwa mno, ongeza mwinamo zisikae sana ndani.

Angalia pia unapulizia wapi. Tone likidondoka kwenye unga mkavu huzaa mbegu mpya, yaani kipunje kidogo kinachoanza kukua. Likidondoka kwenye punje kubwa huzidi kuikuza. Nimewaona mafundi wakihangaika wiki nzima na gundi, kumbe tatizo lilikuwa mdomo wa bomba kuelekea upande usiofaa.

Punje mbichi idondoshe kwenye bati kutoka sentimita 45. Ikistahimili mara nne tano bila kupasuka, ianike. Anika kwa tabaka jembamba juu ya turubai, kwanza kivulini, jua kali baadaye, kwani ikikauka ghafla inapasuka. Chekecha ubaki na za milimita 2 hadi 4. Kubwa zisage upya, ndogo zirudishe kwenye sinia ziwe mbegu. Fungasha kwenye mifuko yenye nailoni ndani, maana molasi huvuta unyevu, na hewa ya Tanga unaijua mwenyewe.

Kuhusu DAP, hapana. Ina naitrojeni ya aina ya amoniamu, na amoniamu ikikutana na chokaa kwenye unyevu hugeuka gesi ya amonia na kuruka. Ile harufu kali utakayoisikia ni naitrojeni ya mkulima inayopotea, na fosforasi nayo hushikwa na kalsiamu. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) ni hivyo hivyo, na samadi ya kuku pia. Uza chokaa peke yake, na mwambie mkulima aiweke wiki kadhaa kabla ya kupanda, mbolea ifuate wakati wa kupanda.

Vumbi la kusaga na kuchekecha ni adui wa mapafu. Wanunulie vijana wako barakoa za vumbi kabla ya kulipia hilo sinia.